Mkono wa Shemeji

Jumanne hiyo, kabla chai ya saa nne haijafika, Mashoto alikuwa ameshainama mara mia moja na kumi na mbili. Alikuwa akihesabu tangu asubuhi. Trei ya rangi ilikuwa sakafuni, ukuta ulikuwa juu, na kati ya hivyo viwili ulikuwepo mgongo wake. Inama, chovya rola, isugue kwenye mteremko wa trei ili rangi ienee sawa, inuka, paka. Inama tena. Jengo lilikuwa bweni la wauguzi, ghorofa tatu, kila korido ina milango ishirini, na mafundi walikuwa yeye na Mzee Turubai. Wa tatu alikuwa msimamizi, mume wa dada yake, ambaye hakuwa ameshika rola tangu siku alipoanza kuweka kalamu sikioni.

Mashoto aliitwa hivyo tangu akiwa msichana mdogo, kwa sababu mkono wake wa nguvu ulikuwa wa kushoto. Shuleni walijaribu kumbadilisha. Waliufunga mkono ule kwa kamba ya kiatu, na darasa la tano hakulimaliza. Hakuwa msemaji. Akisalimiwa na watu wawili kwa pamoja, alimjibu mmoja na kumwomba radhi mwingine kwa macho.

Saa sita Mzee Turubai, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakupaka hata dirisha bila kutandika turubai chini, alirudi nyuma hatua mbili ili aitazame kazi yake vizuri, akaikanyaga trei. Mguu ukazama mpaka kwenye kamba za kiatu.

"Haya," alisema, akiutazama. "Koti la kwanza la rangi hilo."

"Bado la pili, mzee."

"Acha likauke kwanza, mwanangu."

Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Ndipo Mashoto alipoanza kuitengeneza trei nyingine, kwanza kichwani, kisha uani kwake, jioni baada ya kazi.

Ya kwanza aliikata kutoka kwenye dumu la njano. Ilikuwa nyepesi mno. Rola ikiigusa tu, inapinduka. Ya pili aliikunja kwa bati lililobaki kwenye paa la jirani, ikamkata kidole, na baada ya wiki ikaanza kutoa kutu iliyoigeuza rangi nyeupe kuwa kama chai ya maziwa. Ya tatu aliitilia ndoano ili ining'inie kwenye ngazi, usawa wa kiuno, mtu asiiname kabisa. Ilifanya kazi vizuri mpaka Mzee Turubai alipopita chini yake na ngazi ikatikisika. Kofia ya mzee ilipokea rangi yote, wala hakuna hata tone lililopotea.

Ya nne ndiyo iliyokuwa yenyewe. Ilikuwa na ndoano mbili, isiweze kubembea. Mwisho wake kulikuwa na shimo refu ambamo rola ililala na kulowa, na juu kulikuwa na kifuniko kilichobana, kwa hiyo fundi akirudi kutoka kula anaikuta rola yake mbichi kama alivyoiacha. Ndani alitandika mfuko wa nailoni. Ukitaka kubadili rangi, unautoa mfuko, huoshi kitu. Mistari ya kwenye mteremko aliichora kwa vidole vyake mwenyewe, plastiki ikiwa bado laini kwa moto wa jiko, na kwa kuwa mkono wake ulivuta kwenda kushoto, mistari nayo ililalia kushoto. Mwisho alitengeneza mpini wa kubebea. Alipasha moto kipande cha bomba, akakizungushia kitambaa kilicholowa, akakiminya kwa mkono wa kushoto mpaka kikapoa. Mpini ukatoka na mifereji mitano ya vidole. Wa tano haukuwa na kina, maana kidole chake kidogo kilivunjwa na ngazi miaka ya nyuma na hakikupata nguvu tena.

Siku ya kwanza kuitumia aliinama mara nne tu, na mara mbili kati ya hizo alikuwa akiokota leso.

"Ungekuja na hii miaka thelathini iliyopita," Mzee Turubai alisema, "leo ningekuwa mrefu kuliko nilivyo."

Shemeji alipopita kukagua, aliigeuzageuza trei ile kwa muda mrefu.

"Nani kaitengeneza?"

"Mimi, shemeji."

"Peke yako?"

"Ndiyo."

Aliitoa kalamu sikioni, akairudisha bila kuandika kitu. "Niachie. Kuna kiwanda cha plastiki nafahamiana nao. Wewe na watu wa ofisini mtaelewana wapi? Karani akikuuliza jina tu utatazama viatu vyako."

Hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo Mashoto alimwachia. Kabla hajaondoka alijikaza akasema jambo moja. "Uwaambie ni yangu, shemeji."

"Nitawaambia. Kwani nitawaambia ya nani?"

Aliifunga kwenye gazeti, akaibeba kifuani kama mtu aliyebeba keki. Mzee Turubai alikuwepo na alisikia yote.

Baada ya miezi minne Mashoto aliingia kwenye duka la vifaa vya ujenzi kununua msasa, akazikuta trei zimepangwa karibu na mlango, nyekundu, kila moja kwenye boksi lake. Juu ya boksi palikuwa na picha ya shemeji yake akitabasamu, kalamu sikioni, na maneno yaliyosema kwamba yeye ndiye aliyeibuni. Mashoto alitoa moja, akaugeuza mpini. Mifereji mitano, wa tano hauna kina. Walikuwa wamenakili mpaka kilema cha kidole chake.

Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake. Dada alikuwa na mimba ya miezi mitano, ameketi kitandani akikunja vinguo vya mtoto.

"Dada, ile trei ni yangu."

"Najua."

"Basi aseme."

Dada alikunja kisweta, akakikunjua, akakikunja tena. "Ameshatia sahihi, mdogo wangu. Akisema sasa ataonekana mwizi."

"Si ndivyo alivyo?"

"Wewe ungeweza kusimama mbele ya wale watu ukaongea?"

"Hapana."

"Haya basi," dada alisema, kana kwamba shauri limekwisha.

Mashoto hakulia njiani. Alihisi kitu kikimshuka kifuani na kutua, kama rangi nzito inavyotua chini ya ndoo usipoikoroga. Hakumtakia shemeji yake ajali wala ugonjwa. Alimtakia kazi.

Jumatatu iliyofuata kiwandani kulikuwa na wapiga picha. Mpaka siku hiyo shemeji hakuwa ameishika trei ile kwa mpini hata mara moja. Meneja wa kiwanda alimkabidhi moja, akamwambia aiinue juu kidogo, watu waione. Aliishika kwa mkono wa kulia, mifereji ikamkataa. Akahamishia kushoto. Kila kidole kiliingia mahali pake, na kile kidogo nacho kilipoufikia mfereji wa tano kikapinda kidogo. Picha ikapigwa. Alipoiweka trei mezani, mkono haukurudi naye. Ulikuwa bado umeungana na bega lake, lakini haukuwa wake tena. Ulipanda mpaka usawa wa kichwa, ukaanza kwenda juu na chini, juu na chini, taratibu. Saa hiyo hiyo, bwenini, Mashoto alikuwa ameanza ukuta wa chumba namba kumi na nne.

Dada alikuja kesho yake wakati mafundi wakila, akaketi juu ya ndoo tupu.

"Anapaka," alisema.

"Anapaka nini?"

"Hewa. Jana kutwa. Saa saba alipumzika nusu saa, kisha akaendelea mpaka saa kumi na moja."

"Saa saba ndipo tunapokula," Mashoto alisema.

"Nilijua ni wewe tangu nilipomwona anafuta ukingo mara tatu. Nani mwingine duniani anafuta ukingo mara tatu?"

"Mimi nafuta mara moja," Mzee Turubai alisema. "Niondoeni kwenye kesi."

Daktari alikuwa ameshaupima mkono ule. Alisema una afya nzuri sana, ila si wa mgonjwa huyu, akaandika dawa ya maumivu ya bega. Bega kweli liliuma, na baada ya wiki chache lilijaa misuli. Fundi cherehani alilazimika kupanua mkono mmoja wa kila koti la shemeji. Kiganjani paliota sugu ya rola. Mashoto alipopaka rangi ya krimu, vinywele vya mkono wa shemeji viliamka na vidoa vya krimu. Alipohamia kijani, shemeji alijisugua kwa mafuta ya taa sebuleni kwake. Kumfukuza Mashoto kazi hakuthubutu, maana mkono ule ukikosa kazi ungekuwa na nafasi ya kufanya lolote.

Mashoto alifurahi. Alilala usingizi mzuri kuliko miaka yote ya maisha yake. Alifurahi zaidi siku dada yake alipomwambia, "Kesho saa nne ana mkutano na meneja, nakuomba ututunzie heshima."

Kesho yake saa nne kamili Mashoto alichukua sufuria lililounguliwa na uji, akalitia mchanga, akaanza kulisugua. Kule ofisini mkono uliikamata tai ya meneja, ukaisugua mpaka ikabaki nyuzi. Meneja alivumilia. Alikuwa amesikia kwamba watu wenye akili nyingi huwa hivyo.

Na trei zilinunuliwa kama njugu. Mafundi wengi walitumia mkono wa kulia, na kwa sababu mistari ililalia kushoto, rola zao zilibeba rangi upande mmoja na kuwadondokea usoni. Hakuna aliyesema trei ina kasoro. Walilaumu mikono yao, wakajifunza kupaka kwa kushoto. Mashoto alijitengenezea nyingine kwa dumu, kwa kuwa ile aliyomwachia shemeji haikurudi. Kibarua mmoja mpya alipoiona alimcheka Mashoto.

"Dada, umepigwa. Hiyo ni feki, haina hata nembo."

Mashoto alitazama viatu vyake. Yote yale, bega, tai, mafuta ya taa, aliyafurahia, lakini hakuwa ameyaomba. Aliomba aseme. Aseme mara moja tu, mbele za watu, kama alivyoahidi. Shemeji alikuwa ameshasema mengi tangu hapo, na hilo hakuligusa.

Nafasi ilikuja yenyewe. Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi walialikwa kwenye ukumbi mmoja mkubwa kuonyeshwa jinsi trei inavyotumika, na shemeji ndiye atakayewaonyesha, kwenye ubao mweupe wenye upana wa chumba.

"Saa tano," dada alimwambia. "Nitakuwepo mstari wa mbele. Siku hiyo upake vizuri, mdogo wangu. Taratibu."

"Nitapaka vizuri."

Siku ilipofika, Mashoto alisimama chumba namba kumi na tisa mbele ya ukuta wenye koti moja tu. Mzee Turubai alishika saa. Alipoinua kidole, Mashoto aliiweka rola chini, akachukua brashi. Tangu darasa la tano alikuwa ameandika kidogo sana, kwa hiyo kila herufi aliipitia kama anayekata ukingo wa dirisha, bila haraka, bila kuvuja. ALIYEIBUNI TREI HII NI MASHOTO. Alifikiri kuongeza kwamba aliibiwa, akamkumbuka dada yake aliyeketi mstari wa mbele na tumbo lake. Akaona yatosha. Akatia nukta.

Mzee Turubai alisoma kwa sauti, mara mbili. "Hapo umemmaliza," alisema. "Hapo hata maji haombi."

Yaliyotokea ukumbini dada aliyasimulia jioni ile, bila kuficha kitu. Mkono ulikuwa umeiacha rola ukachukua brashi, ukaandika maneno yote kwa herufi kubwa, ukatia nukta. Shemeji aliyasoma, uso ukamshuka, akafungua mdomo.

"Alitaka kusema," dada alisema. "Namjua. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi."

"Halafu?"

"Halafu meneja akautazama mkono ulioshika brashi. Wa kushoto. Akasimama, akasema, jamani, kumbe ndiye Mashoto mwenyewe! Wakapiga makofi."

"Na yeye?"

"Akafunga mdomo."

Trei za mwezi uliofuata zilitoka na jina la MASHOTO limegandamizwa chini. Shemeji aliitwa Mashoto barabarani, akaitika. Bwenini, vibarua wapya walipomsikia Mzee Turubai akimwita mwenzake kwa jina hilo walimcheka. "Na huyu naye anajiita Mashoto! Kama yule wa trei? Ana mambo!" Ili kuepusha mkanganyiko, Mashoto wa bwenini wakamwita "yule dada" tu. Mzee peke yake hakubadili, na kila alipomwita aliongeza sauti.

Maandishi ya chumba namba kumi na tisa yalipakwa koti la pili, yakatokeza. Wakapaka la tatu, yakatokeza. Matroni wa bweni alikuja, akayasoma, akasema mwandiko ni mzuri, akaagiza kabati lisogezwe mbele yake. Muuguzi aliyepewa chumba hicho hutundika sare zake humo.

Dada alijifungua mtoto wa kike. Siku ya sita alikuja bwenini kwa miguu, polepole, kanga kiunoni, akaketi kwenye ndoo ile ile aliyozoea. Mafundi walikuwa wamefika ghorofa ya tatu.

"Baba yake hajambeba," alisema. "Anauogopa mkono. Mtoto analia, yeye anasimama pembeni anapaka, machozi yanamtoka."

Mashoto aliendelea kupaka mpaka mwisho wa mstari, kwa sababu mstari ukiuacha katikati unaacha kovu. Kisha akateremka.

"Aseme, dada."

"Nimemwambia."

"Si lazima ukumbini. Aje hapa, aseme mbele ya mzee."

"Nimemwambia hivyo hivyo. Anasema mkono uchukue. Hata wa kulia anakupa. Hilo hawezi."

"Hata akimwambia mtoto peke yake? Mtoto ataenda kumwambia nani?"

"Hata kwa mtoto, mdogo wangu."

Chini kwenye korido mtu alikuwa akiburuta kitanda.

"Kesho," dada alisema. "Saa nane mpaka saa tisa. Huna haja ya kufanya kitu. Ukae tu, uufungue mkono. Sikuombi kwa ajili yake."

Mashoto aliitikia kwa kichwa.

Kesho yake saa nane alikaa juu ya ndoo, akaulaza mkono wa kushoto juu ya paja, kiganja juu. Mzee Turubai alivua viatu ili asipige kelele. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha uzito ukaja. Ulikuwa mdogo, wa mviringo, wa moto, ukajisogeza kidogo kama unaotafuta pa kukaa, ukapapata. Mashoto alikijua kichwa cha mtoto kabla hajaambiwa. Aliukunja mkono kidogo tu, kikae. Kile kidole kisicho na nguvu kiliangukia nyuma ya sikio, mahali palipo laini kuliko kote, nacho kikapashikilia.

Nzi alitua puani kwake, akamwacha. Mguu ukafa ganzi, akauacha. Katikati ya saa ile alijitazama ndani kuona kama lile lililotua kifuani bado lipo. Lilikuwepo, mahali pale pale, zito, halijasogea hata unywele. Vyote viwili vilienea ndani yake, kichwa kile na kinyongo kile, wala kimoja hakikumbana mwenzake.

Saa tisa uzito uliondolewa. Kiganja kilibaki na joto na unyevu wa jasho la mtoto. Simu ikaita.

"Amembeba saa nzima," dada alisema. "Amelia mpaka amemlowesha. Mungu akupe maisha marefu, mdogo wangu."

"Kasema?"

Upande wa pili mtoto alisikika akikohoa, na mtu akimbembeleza.

"Hajasema."

"Haya, dada. Umnyonyeshe."

Aliweka simu mfukoni, akasimama, akapiga mguu chini mara tatu damu irudi. Mzee Turubai alikuwa ameshaanza kuvaa viatu na kulichukua turubai alipeleke chumba kinachofuata.

"Huko bado, mzee," Mashoto alisema. "Leo tunapaka dari."

"Dari si la Ijumaa?"

"Leo. La korido nzima."

Mzee alimtazama, akalitazama dari, ambalo lilikuwa na urefu wa milango ishirini. Dari ndiyo kazi ambayo kila fundi huiahirisha, maana mkono unakaa juu ya kichwa kutwa nzima na hakuna namna ya kuushusha ukapumzika bila rangi kukauka vibaya. Mzee alitandika turubai, akaishika ngazi.

Mashoto alipanda mpaka kidato cha mwisho, akachovya rola, akaisugua sawasawa, akaunyoosha mkono juu. Na ng'ambo ya mji, kwenye kiti karibu na kitanda cha mtoto, mtu aliyekuwa bado ana kitambaa begani chenye harufu ya maziwa aliuona mkono wake ukiondoka pajani, ukipanda, ukipita uso wake, ukinyooka juu ya kichwa chake mpaka mwisho.